Furaha ya Aliye Ufukweni



Katika maswali yanayoletwa barazani liko moja ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka mno. Nalo ni hili: mtu anapotoa fedha yake, akaketi, akatazama picha ya senema ambayo ndani yake miji inazama, majumba yanaporomoka na watu kwa maelfu wanaangamia, kisha akatoka akiwa amefurahi na roho yake imetulia, je, furaha hiyo ni ya namna gani? Ni furaha isiyo na dhara, kama ya mtu aliyetazama watu wakicheza bao? Au ni maradhi ya moyo?

Wako wanaojibu kwamba senema yote ni haramu, na swali limekwisha. Wako wanaojibu kwamba huo ni mchezo tu, hakuna aliyekufa, na swali limekwisha. Majibu hayo mawili, ijapokuwa yanapingana, yana sifa moja: yanampumzisha mwenye kujibu asifikiri. Mimi naomba tulitazame jambo hili polepole, kwa kuwa picha hizi hazimo tena katika majumba ya senema peke yake. Zimo katika vibanda vya video, zimo katika televisheni za majumbani, na zimo katika simu ambayo mtoto hulala nayo chini ya mto. Mzazi anayesema "kwangu hazimo" yampasa kwanza aende akatazame.

Hukumu mbili zinazogombana

Picha za namna hii zilipata nguvu nchini Marekani tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Mwaka 1972 ilitoka The Poseidon Adventure, habari ya meli ya abiria iliyopinduliwa na wimbi. Mwaka 1974 zikatoka mbili kubwa: The Towering Inferno, ya jumba la ghorofa 138 linaloshika moto, na Earthquake, ya tetemeko la ardhi mjini Los Angeles, ambayo katika baadhi ya kumbi iliwekewa vipaza sauti vikubwa hata watazamaji wakahisi viti vikitikisika chini yao. Miaka ikapita na fedha zikazidi. Mwaka 1996 Independence Day ikaonyesha miji mikubwa ikiteketezwa na viumbe kutoka angani. Mwaka 1998 Armageddon ikaleta jabali kubwa kutoka mbinguni. Mwaka 2009 ikatoka ile iitwayo 2012, ambayo dunia nzima inapasuka na kufunikwa na bahari. Hii ilitumia kama dola milioni 200, ikarudisha zaidi ya milioni 750.

Sasa tazama hukumu za watu juu ya picha hizi. Armageddon ilipotoka, mhakiki mashuhuri wa Chicago, Roger Ebert, aliipa nyota moja tu, na baadaye akaitia katika orodha ya picha alizozichukia kabisa. Pamoja na hayo, katika picha zote zilizotoka mwaka ule wa 1998, hiyo ndiyo iliyokusanya fedha nyingi kuliko zote duniani. Mwaka 2014 Transformers: Age of Extinction ilishutumiwa na wahakiki wengi, nayo ikapita dola bilioni moja. Basi wahakiki husema: watu hawajui kizuri. Na watu husema: wahakiki hawajui raha. Ugomvi huu umedumu miaka zaidi ya hamsini, wala haukupata kadhi wa kuukata.

Mimi nauona ni ugomvi wa watu wawili walioketi kwenye sinia moja. Mmoja asema chumvi imezidi, mwengine asema imekolea, wala hakuna hata mmoja anayeuliza mbuzi huyu ni wa nani. Mhakiki apima ufundi: je, habari imesukwa vyema, je, waigizaji wanajua kazi yao? Mtazamaji apima raha: je, nilishtuka, je, nilifurahi? Yote mawili ni maswali ya halali. Lakini liko la tatu, nalo ni kubwa kuliko hayo: moyo ulioingia mle ndani, umetoka vipi?

Kwa insafu, wako wahakiki walioligusa swali hilo. Mwaka 2013 ilipotoka Man of Steel, picha ya yule shujaa arukaye angani, wengi wao walilalamika kwamba katika pigano la mwisho mji umebomolewa jumba baada ya jumba, na hakuna aliyesimama kuuliza ndani ya majumba yale mlikuwa na watu wangapi. Lalamiko lile halikupotea bure. Picha iliyofuata, ya mwaka 2016, ilirudi mwanzoni mwake kwenye pigano lile lile, safari hii likitazamwa kutoka chini, barabarani, ndani ya vumbi, pale walipo wafanya kazi ambao jumba lao linawaangukia. Hapo twaona kwamba swali la adabu, likiulizwa kwa sauti, hata wafanya biashara wa picha hulisikia. Basi na sisi tuliulize.

Aliye nchi kavu na aliye majini

Mshairi mmoja wa Kirumi, Lucretius, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), alieleza kwamba mna utamu katika kusimama nchi kavu na kumtazama mwengine akihangaika baharini katika dhoruba. Kisha akajihadhari: utamu huo hautokani na mateso ya mwenzio, bali unatokana na kuiona shari ambayo wewe umeepukana nayo.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji Mrumi kutufahamisha hayo. Usiku wa mvua na upepo, mabati yanapolia, mtu aliye kitandani hujivuta shuka akaona raha, ilhali anajua kuwa wako wavuvi nje. Raha ile si dhambi, ni maumbile. Lakini ni raha iliyosimama njia panda. Ikenda kulia huwa shukrani, na mwenye kushukuru huwaombea walio baharini warejee salama, na asubuhi hushuka pwani kuuliza nani hajarudi. Ikenda kushoto huwa ghururi, mtu akajiona kuwa amesalimika kwa sababu yeye ni yeye, na waliozama wamezama kwa sababu wao ndio wa kuzama.

Basi swali letu sasa limekuwa jepesi zaidi: picha hizi humsukuma mtazamaji upande gani?

Vijana wetu wana neno lao, stelingi, na wana kanuni yao: stelingi hafi. Kanuni hiyo, ambayo waisema kwa mzaha, ina elimu ndani yake. Mtazamaji hakai kitini pake, hukaa ndani ya stelingi. Daraja linavunjika, magari mia yanatumbukia, la kwake linaruka upande wa pili. Watu elfu kumi wanafunikwa na maji nyuma yake, wala hatujui jina la hata mmoja wao, lakini yeye akiponea chupuchupu ukumbi mzima hupiga makofi. Katika wote walioketi mle, hakuna aliyejihesabu miongoni mwa wale elfu kumi. Kila mmoja amejihesabu miongoni mwa waliookoka. Na hapo ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Damu na moshi mtu huweza kuvisahau kesho yake. Ile hesabu hubaki.

Nitoe mfano mmoja. Katika San Andreas, picha ya mwaka 2015, stelingi ni rubani wa helikopta ya uokozi wa idara ya zimamoto ya Los Angeles. Kazi yake ni kuokoa watu, na chombo alichonacho ni cha umma. Linapotokea tetemeko kubwa, aigeuza helikopta ile akaenda kumchukua mkewe, kisha wawili hao wakashika njia ya San Francisco kumtafuta binti yao, na huku maelfu wanakufa. Wahakiki kadhaa waliliona jambo hilo na wakalisema. Watazamaji wengi hawakuliona, kwa sababu wao walikuwa wamo ndani ya helikopta.

Sisemi kwamba baba asimhurumie mwanawe. Ambaye moyo wake hauruki kwa mwanawe si baba. Nasema kwamba amana ni amana, na mtu aliyepewa chombo cha watu wote akakitumia kwa wake peke yao, katika mtaa wowote ana jina lake analoitwa, wala si jina la sifa. Picha ikiweza kutufanya tumpigie makofi mtu huyo bila ya kuuliza, basi imekwisha fanya kazi ndani yetu.

Safina mbili

Huenda mtu akasema: hata Qur'ani imejaa habari za maangamizi. Kaumu ya Nuhu iligharikishwa, kina Adi waliangamizwa kwa upepo, Firauni alizama na majeshi yake. Kwani nasi hatuzisomi habari hizo, na watoto hawazipendi?

Ni kweli, na hoja hii yastahiki jawabu. Tazama habari ya Nabii Nuhu (A.S.) inavyotufikia. Yumo mtu mmoja ambaye Qur'ani inamsimamisha mbele yetu wakati maji yanapanda, naye si aliyemo safinani. Ni mwana wa Nuhu, aliyeko nje, aliyeitwa na babake akakataa kwa kudhani kwamba mlima utamkinga. Hakusimuliwa ili tufurahi kuwa sisi hatukuwa yeye. Amesimuliwa ili kila mmoja ajiulize kama si yeye: mwenye baba mwema, mwenye mlima karibu, mwenye yakini ya kusalimika, na vyote visimfae. Habari ya maangamizi katika dini humtoa msikilizaji katika kundi la waliookoka, ikamweka penye shaka, ili atengenee. Picha ya maangamizi humtoa katika shaka, ikamweka katika kundi la waliookoka, ili arudi tena wiki ijayo.

Na 2012 nayo ina safina. Mataifa makubwa yanaunda merikebu za chuma kwa siri katika milima ya China, na nafasi ndani yake zinauzwa kwa matajiri kwa euro bilioni moja kwa mtu mmoja. Waliomfuata Nuhu, wakubwa wa kaumu yake waliwadharau kuwa ni watu duni, na hao ndio waliopanda. Tofauti ya safina hizo mbili ingetosha kwa darsa la mwezi mzima. Tena, kwa haki, yumo ndani ya picha hiyo mtaalamu mmoja anayesimama mwishoni na kuwataka wakubwa wafungue milango, wawaingize walioachwa nje, na milango ikafunguliwa. Ni neno jema. Lakini limekuja baada ya saa mbili za kutufurahisha kwa kufa kwa dunia nzima, na mtazamaji ameshashiba.

Liko jambo jengine katika picha hiyo lililozungumzwa sana na Waislamu. Mwenye kuiongoza, Roland Emmerich, alisema wazi mwaka 2009 kwamba alifikiria kuionyesha Al-Kaaba ikianguka, kisha akaacha kwa kuhofia ghadhabu ya Waislamu. Kanisa kuu la Roma lakini liliangushwa, na sanamu kubwa ya Manasara iliyoko Rio de Janeiro ikaangushwa. Baadhi ya ndugu zetu walifurahi kwamba sisi tumeogopwa. Mimi sioni pa kufurahia. Suratul Hajji inazitaja nyumba za ibada za Mayahudi na Manasara pamoja na misikiti, kuwa ni mahali anapotajwa Mwenyezi Mungu kwa wingi. Anayeona vibaya kwake kuguswa na akaona burudani kwa mwenziwe kuvunjiwa, huyo naye yumo helikoptani.

Hadithi iliyookoa watu

Ili tusidhani kwamba kila habari ya maafa ni mbaya, nitaja kisiwa cha Simeulue. Kisiwa hicho kiko magharibi ya Sumatra, nchini Indonesia, na wakazi wake takriban wote ni Waislamu. Mwaka 1907 wimbi kubwa lilikipiga na watu wengi wakafa. Waliobaki hawakuwa na senema. Walikuwa na neno moja, smong, na habari waliyowasimulia watoto na kuitia katika nyimbo za kubembelezea wachanga: ardhi ikitikisika kwa nguvu, kisha bahari ikirudi nyuma, usingoje, kimbilia kilimani.

Ikapita miaka 97. Asubuhi ya tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ikatikisika, na kisiwa kile kilikuwa karibu sana na chanzo cha tetemeko. Wakati huo kilikuwa na watu wapatao 78,000. Waliokufa walikuwa 7. Katika nchi zote zilizopigwa na wimbi lile walikufa watu wapatao 230,000. Na wimbi lenyewe lilivuka Bahari ya Hindi hata likafika kwetu: Somalia walikufa watu karibu 300, Tanzania wapatao 10, na Kenya mtu mmoja.

Mwaka 2012 maafa hayo yalitengenezewa picha, The Impossible. Iliegemea habari ya kweli ya jamaa mmoja wa Kihispania waliokuwa mapumzikoni Thailand, ikawageuza kuwa Waingereza. Watu wengi waliilia, na naamini machozi yao yalikuwa ya kweli. Lakini wako wahakiki waliouliza: Waasia waliokufa kwa malaki wako wapi katika habari hii? Mbona wamekuwa wa kusaidia wageni na kuonekana kwa mbali? Lilikuwa swali la haki. Hata penye maafa ambayo waliokufa wengi walikuwa wenyeji, stelingi alitafutwa katika watalii.

Sasa linganisha. Hadithi ya Simeulue haina stelingi. Kila anayeisikia ndiye anayeweza kufa, na kila anayeisikia huambiwa la kufanya na miguu yake. Haikutumia hata senti moja, na imewafaa watu maelfu. Basi kipimo tunacho: habari ya maafa ni njema ikimwamsha mtu, na ni mbaya ikimlaza.

Kwa kipimo hicho hicho, picha nazo hazilingani. The Towering Inferno ilikuwa na jambo la kuwaambia watu. Moto ule haukushuka kutoka mbinguni. Ulitoka katika nyaya za umeme hafifu, alizotia mkandarasi, mkwe wa mwenye jumba, ili kupunguza gharama. Mtoto akiuliza "nani aliyeliunguza jumba lile?" yako majibu, nayo ni tamaa na khiana. Sisi tunaoijua habari ya meli ya Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na ikazama na mamia yao, twajua kwamba swali hilo si la senema. Lakini picha inayoleta jabali kutoka mbinguni kila mara humzoesha mtu kuyaona maafa yote kuwa ni jabali, hakuna wa kuulizwa. Qadari ya Mwenyezi Mungu ni haki, na twaiamini. Wala qadari haikumwondolea dhima aliyepakia chombo kupita kiasi.

Wafu wasiozikwa

Picha za mapigano zina dhara jengine, na hili latuhusu sisi zaidi. Katika picha hizo lazima awepo adui, na adui lazima afe, tena afe kwa wingi na kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1994 ilitoka True Lies, na adui zake walikuwa Waarabu Waislamu, wajinga wenye makelele, wanaouawa kama nzi. Jumuiya za Waarabu wa Marekani zililalamika. Mwanachuoni mmoja wa huko, Jack Shaheen, ambaye alifariki mwaka 2017, alipitia picha zaidi ya 900 zenye kuonyesha Waarabu, na mwaka 2001 akatoa kitabu, akaonyesha kwamba zilizowaonyesha kwa wema zahesabika, na zilizobaki kwa mamia ziliwafanya kuwa wauaji, mafasiki au wapumbavu.

Picha hizo zilifika kwetu, zikatafsiriwa kwa Kiswahili na wasimulizi wa vibandani, na watoto wetu wakazishangilia. Fikiri, ndugu msomaji: mtoto aitwaye Salim, aliyetoka chuoni alasiri na msahafu wake kwapani, ameketi jioni akishangilia kuuawa kwa mtu aitwaye Salim. Wala hashtuki, kwa kuwa kwa saa mbili zile yeye si Salim, yeye ni stelingi. Na ndivyo mtu afundishwavyo kujidharau bila ya kuambiwa neno moja la matusi. Wala tusijitoe sisi tu. Leo ni Mwarabu, jana alikuwa Mhindi Mwekundu, kesho atakuwa mwengine. Anayezoea kuona kwamba wako watu ambao kufa kwao hakuhitaji maziko, hatachelewa kumpata jirani wa kumtia katika hesabu hiyo.

Hata maiti wa kweli hawakusalimika. Titanic, picha ya mwaka 1997, iliwaliza watu duniani kote, nayo ni picha ya kwanza kupita dola bilioni moja. Ilionyesha kweli nyingi: kwamba meli ile, iliyozama mwaka 1912 na watu zaidi ya 1,500 wakafa, ilikuwa na mashua zisizotosha hata robo tatu ya waliokuwamo, na kwamba maskini walichelewa kuzifikia. Lakini ilimchukua ofisa wa kwanza wa meli ile, William Murdoch, mtu wa kweli aliyekufa kazini, ikamwonyesha akiwapiga abiria risasi kisha akijiua. Jambo hilo halikuthibitika. Watu wa mji wake, Dalbeattie huko Scotland, walilalamika, na mwaka 1998 mjumbe wa kampuni alikwenda kuomba radhi, akatoa pauni 5,000 kwa mfuko wa kumbukumbu yake katika skuli ya mji ule. Dini yetu yatuhimiza kuwataja maiti kwa wema wao. Watu wa Dalbeattie si wa dini yetu, lakini walilijua hilo na wakalipigania baada ya miaka 86. Na mamilioni ya watazamaji waliomlilia kijana wa kubuni, ambaye hakupata kuwako, hawakujua kwamba mbele ya macho yao amesingiziwa maiti aliyekuwako.

Majibu kwa wenye hoja

Watasema wengine: wewe unatunyima tafrija, na mtu aliyechoka anahitaji kupumzika. La, sikunyimi. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) akatazama mpaka akaridhika, naye Mtume (S.A.W.) amemsitiri. Dini iliyoruhusu hayo haikuja kuwafanya watu wawe mawe.

Wengine waliosoma watasema: Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba kutazama mateso mchezoni humtia mtu hofu na huruma, na kwa hivyo humsafisha nafsi yake. Naam, lakini huruma yahitaji mtu. Hatuwezi kumhurumia tusiyemjua jina, tuliyemwona kwa nukta moja akiruka dirishani. Hofu tu iliyobaki bila ya huruma haisafishi, husisimua, na kilichosisimuliwa leo kesho hutaka zaidi. Ndiyo maana mwaka 1972 ilitosha meli moja, mwaka 1974 jumba moja, na mwaka 2009 haikutosha illa dunia.

Na wengine watasema: hakuna aliyekufa, wote ni waigizaji. Basi tukumbuke kilichotokea tarehe 11 Septemba 2001 mjini New York. Walioona majumba yale yakianguka, wengi walisema palepale kwamba ni kama senema. Mwandishi wa Kimarekani Susan Sontag, aliyekuwa ameandika juu ya picha za maangamizi tangu mwaka 1965, aliliona jambo hilo: zamani watu waliopatwa na msiba walisema ni kama ndoto, sasa husema ni kama senema. Na wenye picha wenyewe waliungama. Collateral Damage, picha ya bomu na kisasi iliyokuwa itoke Oktoba mwaka ule, iliwekwa hadi Februari 2002. Lau kwamba ni mchezo tu, ingewekwa kwa nini? Iliwekwa kwa kuwa walijua kwamba raha ya kutazama maangamizi yataka sharti moja: yasiwe yako.

Tufanye nini?

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozungumza juu ya kusikiliza nyimbo katika kitabu chake kikubwa, alisema kwa maana kwamba sauti haitii moyoni kisichokuwamo, bali hukitikisa kilichomo. Kwa hivyo hukumu haikuwa moja kwa watu wote. Alimtazama msikilizaji na kilichomo ndani yake. Naona hekima hiyo yafaa kwa picha pia, pamoja na nyongeza moja kwa watoto: moyo wa mtoto bado haujajaa, na anachokitazama kila siku huwa ndicho kilichomo.

Kwa hivyo siwaambii wazazi wavunje televisheni, kwa kuwa mtoto atakwenda kwa jirani, na huko hatakuwa na wa kumwuliza. Nawaambia waketi naye. Picha ikisha, msiulizane tu kama ilikuwa nzuri. Muulizeni mambo matatu. Kwanza: ni nani waliokufa, na mbona hatukuambiwa majina yao? Pili: maafa yale yalisababishwa na nini, na je, alikuwako wa kuyazuia? Tatu, na hili ndilo zito: lau ungalikuwako mle, ungalikuwa nani? Mtoto atajibu mara ya kwanza kwamba angalikuwa stelingi. Mwambieni kwa upole kwamba stelingi ni mmoja na waliokufa ni elfu kumi, ahesabu mwenyewe.

Mtoto aliyezoezwa maswali hayo hatadhurika sana na picha yoyote, wala hatahitaji mhakiki wa Chicago kumwambia iliyo mbovu. Na siku atakaposikia kwamba chombo hakijafika bandarini, hatatoa simu apige picha. Atatoka akaulize ni akina nani waliokuwamo.

Wabillahi tawfiq.